Sahibu wa Chuoni



Juma hili nawaandikia juu ya sahibu yangu mmoja ambaye hatukugombana wala hatukuagana, na bado tulikaa miaka 22 pasi na kupigiana hodi. Mimi nakaa Makongeni, yeye Kaloleni, mtaa wa pili tu. Mtu angeweza kwenda na kurudi baina ya alasiri na magharibi.

Baba zetu walitoka Mombasa kuja kufanya kazi katika reli, ile iliyoanza kujengwa huko kwetu mwaka 1896 ikafika Nairobi mwaka 1899, na Makongeni ulikuwa mtaa wa wafanyakazi wake. Tulikuwa tukifuatana kwenda chuoni Pumwani, na huko yeye ndiye aliyekuwa mbele. Mimi nilikwama katika alifu na bee. Yeye akanishika kidole akakipitisha juu ya kila herufi hata nikafunguka. Bibi yake, mzaliwa wa Lamu, alimfundisha pia kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu karne nyingi. Shuleni hakukaa. Baba yake alifariki, naye akatoka kutafuta riziki. Mimi niliendelea, nikawa mwalimu.

Siku moja, katika arusi ya jamaa yetu, alitakiwa atie sahihi miongoni mwa mashahidi. Akasita. Nikasema, kwa sauti yangu ya darasani, "Huyu hajui kusoma, mpeni wino apige dole gumba." Watu wakacheka. Naye akacheka, akapiga dole.

Miaka yote iliyofuata nilijiambia kwamba kazi, watoto na umri ndivyo vilivyotutenga. Ni maelezo mazuri, kwani hayamlaumu mtu.

Kisha mwezi wa Shaabani uliopita ukaingia ujumbe katika simu yangu: "Mwalim nasoma ngumbaru. Jina naandika mwenyewe." Naona haya kusema kwamba jambo la kwanza nililoliona ni ile herufi iliyopungua mwishoni mwa "mwalimu".

Ngumbaru ni madarasa ya watu wazima, ambayo serikali yetu iliyaundia idara yake mwaka 1979. Wengi wetu huyafanyia mzaha. Tunasahau kwamba Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, na kwamba alipohamia makao ya wazee ya Kariobangi, hapa hapa upande wetu wa mashariki ya jiji, alitafuta shule nyingine akaendelea.

Nilikwenda Kaloleni nikiwa nimebeba mkebe wa biskuti. Ndani yake mna barua ambazo marehemu mama alimwandikia baba kutoka Mombasa, kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa hakujua nyingine. Msahafu nausoma, lakini una irabu. Mkono wa mama hauna, na mimi nilikwisha uacha mwandiko ule tangu nilipoanza kujiona msomi. Barua zile nimezihifadhi zaidi ya miaka 30 bila kujua zasema nini.

Sahibu yangu akavaa miwani akasoma, polepole, pasi na kukwama. Mama aomba pesa za mafuta ya taa. Mbuzi amekufa. Kisha: mwambie mwanangu aniandikie kwa mkono wake, kwa herufi ninazozijua.

Baba alipokuwa akinisomea barua zile, alinifikishia salamu tu.

Nilimwomba sahibu yangu radhi kwa lile dole gumba. Akasema alikwisha nisamehe zamani. Lililomshinda ni kuja kuketi tena mahali ambapo angepimwa.

Sasa kila Jumamosi baada ya alasiri yeye huleta daftari lake la ngumbaru, nami huleta langu. Namsahihishia imla, naye hunisahihishia yangu. Jumamosi iliyopita niliandika jina la mama. Alilitazama kitambo, akachukua kalamu yangu nyekundu, akaongeza nukta.