Kuran inaweza kutoka mu potopoto?



Kijana mmoja alinifuata kisha ibada na kuniuliza: "Pasta, ni kweli potopoto inaweza kuwasha taa?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Kwetu watoto wanasoma na bujii, na nyaya kubwa za mgodi zinapita juu ya nyumba zao. Swali lake ni la haki.

Jibu ni ndiyo, lakini kiloko sana. Mwaka 1911 mwalimu mmoja wa Durham, Uingereza, jina lake M. C. Potter, alionyesha ya kwamba mikrobi ikivunja chakula inaachilia umeme. Siku hizi wanafanya kisanduku. Upande mmoja wanatia kipande cha kaboni, ndugu ya makala yetu, mu maji machafu mahali hewa haifiki. Upande mwingine kipande cha pili kinapata hewa. Waya unaviunganisha.

Kila kitu chenye uzima kikikula, sharti kitupe elektroni mahali. Wewe na mimi tunazitupa kwa oksijeni. Njo maana tunapumua. Lakini chini ya potopoto oksijeni hakuna. Kuna mikrobi inaitwa Geobacter, ambayo Derek Lovley aliipata mwaka 1987 mu potopoto ya mto Potomac, Marekani. Yenyewe inatupa elektroni juu ya kutu ya chuma. Ukiipa kaboni pahali pa kutu, inazitupa juu ya kaboni, nazo zinatembea mu waya. Ile njo kuran.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa vita inaanza. Geobacter inapenda asetati, chakula cha jamaa ya siki, na haiko peke yake mezani. Kuna mikrobi ingine yenye kula asetati ile ile na kutoa gazi ya metani. Waya haupati hata elektroni moja. Kisanduku kikipasuka kidogo na hewa kuingia, mikrobi ya oksijeni inakula mbele ya wote. Hata watoa-umeme wenyewe wanashindana! Shewanella, ya ziwa Oneida huko Marekani, inatuma vitu vidogo mu maji vibebe elektroni mpaka ku kaboni, kwa hiyo inaweza kukaa mbali. Geobacter inajibandika juu ya kaboni yenyewe kama utelezi juu ya jiwe la mto, na inapitisha elektroni kwa nyuzi nyembamba sana. Pale chakula ni asetati na hewa hakuna, mara nyingi Geobacter njo inashinda. Shewanella haijui kukula asetati bila oksijeni.

Kijana atasema: basi tumwage sukari mingi. Hapana! Geobacter haikuli sukari. Majirani njo wanaivunja kwanza, na bila wao ingelala njaa. Na chakula kikizidi, watengeneza-gazi nao wanapata nafasi ya kuongezeka.

Kwa nini ninakaa juu ya maneno haya? Kwa sababu sisi ni watu wa migodi, na vita ile ile inafanyika chini ya udongo. Huko Rifle, jimbo la Colorado, walikuwa wakisafisha mawe ya uranium zamani, na uranium ikabaki mu maji ya chini. Mwaka 2002 wataalamu walipitisha asetati mu udongo. Kisha siku 9 tu uranium ilianza kupungua. Geobacter iliongezeka, na ilikuwa ikitupa elektroni juu ya uranium pia. Ikipata elektroni, uranium haiyeyuki tena vizuri, inabaki mu udongo. Walifurahi. Lakini kutu ya chuma ikaisha pale karibu na mahali pa kumwagia, mikrobi ya salfati ikachukua meza, na uranium ikaanza kupanda tena mu maji. Asetati ilikuwa ile ile; mlaji njo alibadilika.

Sisi wa nchi ya Shinkolobwe tunajua uranium. Lakini mama, usichukue habari hii kuwa dawa ya kisima chako. Rifle walikuwa wakipima maji tena na tena, wala shaba na kobalti si uranium. Maji yaliyo karibu na takataka za mgodi ni ya kupimwa kwanza.

Nirudi kwa taa. Mwaka 2017 watu wa chuo kikuu kimoja cha Bristol, Uingereza, pamoja na Ioannis Ieropoulos, walijenga choo mu shule ya wasichana huko Kisoro, Uganda, karibu na mpaka wetu wa Bunagana. Mkojo wa wanafunzi ulipita mu visanduku, na kuran yake iliwasha taa za choo usiku. Kisanduku kimoja hakifiki hata volti moja, njo maana wanaunganisha vingi, sawa vile tunavyopanga mawe ya radio. Kwa msichana anayeogopa kutoka mu giza, taa ile si mchezo. Kwa pasi na frigo, bado. Mama Pasta ameisha kuniuliza.