Mchanga wa Gundi na Samaki Anayelala Mchangani

Jua linapoelekea kuzama kwenye miamba ya matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki, kuna samaki asiyehangaika kutafuta pango. Huinamisha kichwa, hupiga mkia, na mchanga humfunika mzima. Hulala humo hadi kupambazuke. Wanasayansi humwita Coris cuvieri. Akiwa mdogo huwa na rangi ya chungwa iliyokolea, na mgongoni mabaka meupe yaliyozungushiwa weusi. Uzuri huo ndio unaomponza: yumo katika kundi la samaki wa mapambo wanaokamatwa hai, wakafungwa kwenye mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni, na kusafirishwa kwa ndege hadi kwenye matangi ya kioo ya ng'ambo.

Katika baadhi ya matangi hayo, mbizi ya jioni huishia kwenye kitu kigumu kama sakafu ya saruji. Mchanga upo, tena mweupe wa kuvutia, lakini punje zake zimegandishwa kwa gundi juu ya bamba la plastiki. Samaki hujaribu upande huu, hujaribu na upande ule, hadi ngozi ya mdomo inachubuka.

Hilo ndilo tandiko la mchanga la bandia. Ubishi juu yake miongoni mwa wafugaji wa samaki wa maji chumvi unawahusu hata watu ambao hawajawahi kumiliki tangi, kwa sababu baadhi ya viumbe wanaoishia humo wametoka Shimoni, Kilifi na sehemu nyingine za pwani hii.

Wanaotengeneza tandiko la namna hii wana sababu, na sababu yenyewe ni mkondo wa maji. Matumbawe magumu ya jenasi ya Acropora, mengi yakiwa na matawi kama pembe, hustawi kwenye ukingo wa mwamba ambako mawimbi hupiga usiku na mchana. Mkondo ndio unaoyaletea chakula na kuyaondolea uchafu. Ili kuiga hali hiyo, mfugaji mwenye tangi la lita 400 huweka pampu zinazosukuma lita 12,000 hadi 20,000 kwa saa, yaani maji yote ya tangi huzungushwa mara 30 hadi 50 ndani ya saa moja. Mchanga laini hauwezi kustahimili msukumo huo. Hupeperuka na kurundikana pembeni, kioo cha chini kinabaki wazi, na punje huyaangukia matumbawe na kuyafukia. Nyingine huingia ndani ya pampu na kuisaga taratibu.

Wapo wanaoamua kuacha kioo kitupu. Ni rahisi kusafisha, na wazalishaji wengi wa matumbawe hufanya hivyo. Sebuleni au kwenye ukumbi wa hoteli, hata hivyo, tangi lenye kioo kitupu lina sura ya karai la maabara. Tandiko la gundi limezaliwa hapo, katikati ya pampu zenye nguvu na hamu ya kuona kipande cha bahari.

Kazi yenyewe inamtaka fundi mvumilivu tu. Bamba linalofaa ni la pivisi. Plastiki ya polithini, ile ya vibao vyeupe vya kukatia nyama, ina kasoro mbili: ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea, na gundi nyingi hazishikani nayo. Akriliki huzama, ila hunywa maji na kupinda. Bamba hukatwa vipande viwili au vitatu ili vipite kwenye mdomo wa tangi, hukwaruzwa kwa msasa, kisha hupakwa gundi ya epoksi, ile ya sehemu mbili zinazochanganywa, ambayo wengi wameijua kupitia mirija miwili ya Araldite. Mchanga mkavu hunyunyizwa juu yake kama ufuta juu ya mkate na kukandamizwa kwa mkono uliovaa glavu. Kesho yake ule usioshika hukung'utwa, na kazi hurudiwa mara mbili au tatu. Ustadi uko kwenye ukubwa wa punje. Zikiwa za saizi moja, tandiko hutoka kama msasa wa dukani. Zikichanganywa laini, za wastani na vipande vichache vya makombe, jicho linakubali.

Haraka ndiyo inayoua hapa. Katika joto la pwani, gundi huweza kukauka kwa kuigusa baada ya saa chache, huku ndani bado kemikali zake hazijamaliza kushikana. Wiki nzima ya kuiacha ikauke, ikifuatwa na siku kadhaa za kuloweka bamba kwenye maji ya chumvi yanayobadilishwa, ni gharama ndogo ukilinganisha na samaki waliokufa. Silikoni ya kuzibia kingo isiwe ile ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa kuwa dawa hiyo ni sumu kwa viumbe wa majini. Na kingo ni lazima zizibwe. Uchafu ukipenya chini ya bamba, hakuna mkono wala konokono atakayeufikia; utaoza huko bila hewa na kutoa gesi yenye harufu ya yai viza, na gesi hiyo huua.

Kazi ikifanyika vizuri, matokeo yake yanastahili sifa. Baada ya miezi kadhaa mwani mgumu wa rangi ya zambarau hutambaa juu ya bamba, matumbawe hujishikiza, na mgeni hatambui kitu. Kuna pia nafuu ya uzito. Tangi lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 50, likiwekewa mchanga wa kina cha sentimita 10, linabeba lita 60 za mchanga, karibu kilo 90 ukiwa mkavu. Mchanga wa kugandisha kwa unene wa nusu sentimita ni kama kilo tano tu. Kwa anayeishi ghorofani, tofauti hiyo si ndogo.

Tatizo linaanza pale muuzaji au fundi anaposema kwamba bamba hilo ni badala kamili ya mchanga. Hapo anamdanganya mteja, na historia ya ufugaji huu inatosha kumsuta.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua. Bakteria wanaoishi penye oksijeni huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, na hapo safari hukwama: nitrati hurundikana wiki kwa wiki. Matangi ya zamani yalikuwa na changarawe juu ya bamba lenye matundu, maji yakivutwa kupita ndani yake. Mfumo huo ulifaulu kuondoa amonia na ukawa kiwanda cha nitrati. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, aliwaeleza wasomaji wa jarida la Kimarekani jinsi alivyofuga viumbe wa mwambani kwa mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na uhai wake, mwanga wa jua na mapovu ya hewa. Ilichukua miaka mingi kabla ya Ulaya na Marekani kumwelewa.

Aliyeuonyesha mchanga wenyewe kuwa mfanyakazi ni Jean Jaubert, profesa wa Nice, Ufaransa. Mwaka 1989, kupitia chapisho la taasisi ya bahari ya Monaco, alieleza mfumo wa kustaajabisha kwa urahisi wake: chini kabisa nafasi ya maji yaliyotulia, juu yake wavu, na juu ya wavu tabaka nene la mchanga wa matumbawe. Kadiri unavyoshuka ndani ya tabaka hilo, oksijeni inapungua. Juu, bakteria wa kawaida hushughulikia amonia. Chini, bakteria wengine wanaokosa oksijeni hutumia nitrati badala yake na kuiachia kama gesi ya naitrojeni, ambayo hupanda na kwenda zake hewani. Kinachobaki kwenye maji ni kidogo. Monaco, ambako makumbusho ya bahari yamekuwa wazi tangu 1910, iliwahi kuonyesha kipande cha mwamba hai kilicholetwa kutoka Djibouti, na maarifa hayo ya Jaubert yalisaidia kukidumisha.

Baadaye Ronald Shimek, Mmarekani aliyebobea katika wanyama wasio na uti wa mgongo, alitetea mchanga laini wa kina cha sentimita 10 au zaidi bila hata ile nafasi ya maji, mradi ujae minyoo, konokono wadogo na vijidudu vya kuuchimbachimba. Kwake yeye, tandiko lilikuwa kundi la wanyama wanaofanya kazi.

Epoksi inaziba yote hayo. Punje iliyozamishwa kwenye gundi haina tundu la kupitisha maji, na chokaa yake haiwezi tena kuyeyuka hata kidogo kusaidia maji yasiwe na tindikali. Kinachobaki hai ni utando mwembamba wa bakteria juu ya bamba, sawa na ule unaoota kwenye kioo. Mwenye tangi hili hana budi kuihamishia kazi ya mchanga kwingine: mawe hai ya kutosha, mashine yenye nguvu ya kuengua povu la uchafu, maji yanayobadilishwa kwa ratiba, na samaki wachache.

Wapenzi wa gundi watajibu kwamba tandiko nene nalo huzeeka, kwamba hukusanya fosfati na uchafu, na kwamba likivurugwa hutoa ile gesi ya yai viza. Wanasema kweli. Mchanga wa sentimita 10 uliokaa miaka mingi haufai kufukuliwa kwa pupa samaki wakiwa ndani. Lakini hayo ni madhara ya matunzo mabaya, na dawa yake ni matunzo. Suluhisho bora kuliko yote mawili limekuwapo muda mrefu: bamba la gundi juu, kwenye mkondo mkali na macho ya wageni, na mchanga hai kwenye tangi la chini, ndani ya kabati, ambako maji hupita polepole. Fundi anayejenga hivyo anaijua kazi yake. Anayeleta bamba peke yake na kuondoka na malipo amemaliza nusu ya kazi.

Na mchanga wa kugandisha utoke wapi? Mchanga unaouzwa kwa maboksi mara nyingi ni aragonaiti, aina ya chokaa, inayochotwa Bahamas. Kwa mwenye mkahawa wa Mombasa au Dar es Salaam, kishawishi cha kushuka ufukweni na ndoo ni kikubwa. Asishuke. Mchanga mweupe wa pwani hii umetengenezwa na viumbe kwa muda mrefu. Pono, samaki mwenye mdomo kama wa kasuku, huguguna mwamba ili apate mwani, huusaga kwa meno ya kooni na kuutoa ukiwa mchanga. Pono mkubwa huweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Ufukwe huo ndio unaovunja nguvu ya wimbi kabla halijafika kwenye minazi na nyumba. Ndani ya hifadhi kama Malindi, iliyoanzishwa 1968, au Mafia, iliyoanzishwa 1995, kujichotea mali ya bahari ni kosa.

Isitoshe, si kila mchanga wa ufukweni ni wa matumbawe. Ule wa Malindi umechanganyika na mchanga wa bara unaoshushwa na Mto Sabaki, ndiyo maana rangi yake si ile ya Diani. Tone la siki linatosha kutofautisha: wa chokaa hutoa mapovu, wa mawe ya bara hunyamaza. Kwa tandiko la gundi, tena, kemia ya punje haina uzito mkubwa kwa kuwa imefunikwa. Vumbi na vipande vinavyobaki kwenye machimbo ya mawe ya matumbawe ya nchi kavu, yale yale yanayojengewa nyumba za pwani, vikichekechwa na kuoshwa vinafaa kabisa. Hakuna sababu yoyote ya kuubomoa ufukwe ili kupamba ukumbi.

Linabaki suala la Coris na wenzake. Pono na Coris ni ndugu wa karibu, mmoja anatengeneza mchanga na mwenzake analala ndani yake. Coris si pekee anayeuhitaji. Wapo wengine wa ukoo wake, na wapo samaki wadogo wanaochimba mashimo na kuishi humo pamoja na kamba. Kuwaweka juu ya mchanga usiochimbika ni ukatili, hata kama mwenye tangi hakukusudia, na kutojua si utetezi kwa mtu aliyepata fedha ya kumnunua samaki aliyesafiri maelfu ya kilomita.

Wauzaji wa samaki wa mapambo, kuanzia wanaowafunga kwenye mifuko huku pwani hadi wenye maduka ya Ulaya, Marekani na Ghuba, huandika bei, ukubwa na chakula cha kila samaki. Waongeze maneno mawili: hulala mchangani. Mnunuzi mwenye tandiko la gundi akiyasoma, achague samaki mwingine. Akishindwa kujizuia, basi amwekee bakuli pana lenye mchanga laini wa sentimita 10 kwenye pembe yenye maji tulivu. Bakuli hilo litaharibu sura ya tangi kwenye picha, na lazima liwekwe kabla samaki hajatolewa mfukoni, kwa kuwa jambo la kwanza ambalo Coris mwoga hutafuta akifika mahali pageni ni mchanga wa kujifukia.