Betri bila kobalti: habari njema kwa nani?

Kwenye kipindi tuligusia kobalti, muda ukatuishia. Basi tumalizie hapa.

Sony ilipoanza kuuza betri za lithiamu mwaka 1991, upande wake chanya, yaani kathodi, ulikuwa wa kobalti. Simu nyingi bado ziko hivyo. Na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, hasa Kolwezi na kandokando yake. Kule watu wanaongea Kiswahili, kama wazazi wetu wengi hapa. Wengine wameajiriwa na makampuni, wengine wanachimba kwa sururu na mikono tu, wale wanaoitwa creuseurs.

Sasa kuna kathodi isiyo na madini hayo kabisa. Mwaka 2002 watafiti wa NEC, Japani, walijaribu polima, jamaa ya plastiki. Mwaka 2024 kikundi cha Mircea Dincă pale MIT kikaonyesha TAQ, iliyoundwa kwa kaboni, haidrojeni, naitrojeni na oksijeni. Ilichajiwa zaidi ya mara 2,000 ikavumilia. Lamborghini walichangia pesa.

Ugumu uko wapi? Molekuli ndogo za aina hii nyingi huyeyuka kwenye maji ya betri, kama sukari kwenye chai. Ukiziunga ziwe mnyororo mrefu, yaani polima, haziyeyuki upesi. Ila nyingi hazipitishi umeme vizuri, na zinakula nafasi.

Wengi wakisikia "bila kobalti" wanapiga makofi: hakuna tena mtoto shimoni. Mimi nasema polepole, jamani. Kolwezi kobalti inatoka pamoja na shaba, na shaba bado inatakiwa kila penye waya. Migodi mikubwa haitafungwa. Atakayeumia kwanza ni creuseur, maana bei ikianguka leo, leo hiyo hiyo sufuria yake inakauka. Februari 2025 Kongo ilisimamisha kuuza kobalti nje ili bei ipande. Lakini bei ikipanda sana, viwanda vinazidi kutafuta betri za aina nyingine, kama zile za chuma na fosfeti, ambazo tayari ziko barabarani.

Kwa hiyo tusiulize tu kama betri ni safi. Tuulize pia Kolwezi inaandaliwa kazi gani. Mwulize mjomba au shangazi aliyetoka Katanga, halafu tutumie sauti yake. Tutaicheza kipindi kijacho.