Makabati Yamejaa, na Mtoto Hana Kanzu



Ndugu wazazi na wanafunzi wetu, mada tuliyoichagua huenda ikaonekana ndogo: nguo zilizomo majumbani mwetu. Sisi walimu tunaowapokea watoto kila alasiri hatuioni kuwa ndogo. Mtoto mmoja anakuja na kanzu ya mdogo wake, inaishia magotini, kwa sababu yake haikuonekana. Wa pili kanzu anayo, lakini imekunjamana na inanuka unyevu. Wa tatu haji kabisa, na tukiuliza tunaambiwa hana hijabu safi. Na katika nyumba hizo hizo, ukifungua kabati nguo zinakuporomokea, mvunguni kuna mabegi matatu, na nyuma ya mlango msumari mmoja umebeba nguo za watu watano.

Zimetoka wapi? Nguo huingia nyumbani kwa milango mingi na kutoka kwa mlango mmoja mwembamba. Kila harusi ina sare yake, na sare ile huvaliwa siku moja. Kila sikukuu ina nguo mpya. Mitumba ni rahisi, kwa hiyo mtu hununua kwa sababu ya bei na si kwa sababu ya haja. Jamaa akirudi kutoka Maskati au Dubai huleta mabaibui na kanzu. Watoto wanakua kila mwaka, lakini nguo zao za zamani hazikui nao wala haziondoki. Tukiulizwa, jibu letu ni moja: "Ziache, zitakuja kufaa." Rai yetu ni kwamba nyingi hazitafaa, na kwamba kuziacha kunatutia hasara katika ibada, katika mali na katika haki za watu.

Tuanze na ibada. Nguo tohara ni sharti la sala. Katika Suratul Muddaththir, aya ya 4, Mtume (S.A.W.) ameamrishwa kuzitoharisha nguo zake. Nyumba ambayo nguo iliyofuliwa, iliyovaliwa jana na ya mtoto aliyejikojolea zote zimo katika rundo moja, mtu atajuaje ya kusalia? Sala ngapi za Alfajiri zimecheleweshwa kwa kutafuta kanzu?

Pili, mali. Uislamu haukutuamrisha kuvaa matambara. Katika aya ya 31 ya Suratul Aaraf tunaamrishwa kujipamba tunapokwenda kusali, na katika aya hiyo hiyo tunakatazwa israfu. Mambo mawili yamewekwa pamoja ili tusishike moja tukaacha la pili. Na israfu si kununua tu. Kabati lililoshindiliwa halipitishi hewa. Zikifika mvua za masika, kati ya Machi na Mei, ukungu huanza chini na kupanda juu, mende wakataga mayai kwenye mikunjo, na panya akafanya kiota ndani ya joho la thamani. Nguo ambayo ingemsitiri mtu imeharibika huku tunasema tunaihifadhi.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na nguo chache, wakizianika juani, wakitia karafuu ndani ya sanduku na kuzifukiza udi katika chetezo. Njia hizo bado zinafaa. Zile tembe nyeupe za kufukuzia nondo tujihadhari nazo: ni sumu, na mtoto huzidhania peremende.

Basi tufanye nini? Tunapendekeza kila nyumba itenge siku moja katika mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani. Nguo zote zitolewe na kuwekwa juu ya mkeka, kisha zigawanywe mafungu manne: zinazovaliwa, zinazohitaji fundi cherehani, kifungo au zipu, zinazofaa kutolewa, na zilizochakaa, ambazo ni za kupigia deki. Nguo ambayo haikuguswa tangu Idi hadi Idi nyingine, mwenyewe aeleze kwa nini ibaki. Hatusemi bibi anyang'anywe kanga zake. Kila doti ina siku yake na jina lake. Wala hatusemi yaguswe mavazi ya ihramu au sanda ambayo mzee amejiwekea. Tunasema juu ya zile ambazo hata mwenyewe kazisahau.

Baada ya hapo kila mtoto apewe rafu yake, hata ikiwa ni boksi, na nguo za madrasa zikae peke yake, zikunjwe usiku. Hapa tunasema na nyinyi wavulana. Kazi hii si ya mama na dada peke yao. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake nyumbani. Kijana aliyeweza kuhifadhi juzuu nzima hawezi kushindwa kukunja kanzu.

Sasa lile fungu la kutoa, na hapa ndipo penye mtihani. Wengi wetu tunatoa kile ambacho tungekitupa. Aya ya 267 ya Suratul Baqara inatukataza kukusudia kibaya tukakitoa, hali ya kuwa sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Na ilipoteremka aya ya 92 ya Suratu Aali Imran, ya kutoa katika tunavyovipenda, Abu Talha (R.A.) alitoa bustani yake ya Bairuha, mali aliyoipenda kuliko zote. Sisi hatuombwi bustani. Tunaombwa kanzu nzima, iliyofuliwa, yenye vifungo vyote. Tukumbuke pia kwamba kuwavisha masikini kumi ni moja ya kafara za kiapo zilizotajwa katika Suratul Maida, aya ya 89. Nguo ina uzito mbele ya Mola wetu.

Na ukishatoa, nyamaza. Mtoto akimwona mwenzake na kanzu iliyokuwa yake, akasema mbele ya watu, "Hiyo ilikuwa yangu," yule mwenzake kesho haji. Aya ya 264 ya Suratul Baqara inatuonya kwamba masimulizi na maudhi hubatilisha sadaka. Kwa hiyo tunaiomba kamati ya madrasa itenge kabati moja chini ya ustadhati, ambamo kanzu, kofia na hijabu ndogo zitapokelewa na kutolewa bila ya kutajwa jina la mtoaji wala la mpokeaji.

Tatu, haki. Usitoe nguo ya mtu bila ya idhini yake, hata akiwa mume wako au mwanao mkubwa. Na lipo jambo zito zaidi: nguo za marehemu. Nyumba nyingi zina sanduku la baba au mama aliyefariki, halifunguliwi miaka, au limegawiwa siku ya tatu kwa yeyote aliyefika matangani. Nguo hizo ni sehemu ya mirathi kama ilivyo shamba. Ni mali ya warithi wote, na fungu la mayatima wadogo haliwezi kutolewa sadaka na mtu mwingine. Warithi watu wazima wakiridhiana, watoe katika mafungu yao wenyewe. Tunajua kwamba harufu ya mzazi katika nguo yake ni kitu kigumu kukiacha. Abaki nayo moja anayetaka, kwa ridhaa ya wenziwe. Zilizobaki zimstiri aliye hai, na marehemu aombewe.

Wanafunzi wetu, msingoje wazazi waanze. Leo mkifika nyumbani, ondoeni ile nguo iliyo juu ya msumari, muulize ni ya nani.

Tunamuomba Allah (S.W.) azijaalie nyumba zetu tohara, na sadaka zetu ziwe na ikhlasi. Amin.

Wabillahi tawfiq.