NJIA YA MIGUU KARIAKOO NI YA NANI?



Kariakoo imefufuka. Juu ya neno hili hapana ubishi. Wazee wetu wanaikumbuka Kariakoo ya mwanzo wa miaka ya 1980, maduka yakiwa na rafu tupu na watu wakipanga foleni kwa ajili ya sabuni na sukari. Leo mtaa huo huo una mali tele, nguo, vitenge, simu, vyombo na vipuri, na wanunuzi wanatoka Zambia, Kongo, Malawi, Komoro na kila mkoa wa nchi yetu. Sisi twaifurahia neema hii, maana sehemu kubwa yake imeletwa na jasho la wananchi wenyewe.

Lakini neema isiyo na utaratibu huzaa ugomvi. Ugomvi wa Kariakoo, ukiutazama kwa makini, ni ugomvi juu ya kitu ambacho watu wengi hawakihesabu kuwa ni mali: ile njia ya kupita kwa miguu, baina ya kizingiti cha duka na barabara ya magari. Mwenye duka anaitaka, machinga anaitaka, mwenye gari anaitaka, mjenzi anaitaka. Twauliza wazi: njia ile ni ya nani?

Kabla ya kujibu yatupasa tukumbuke mtaa huu ulikotoka. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, waliweka mahali hapo wapagazi wa jeshi lao, waliojulikana kwa Kiingereza kama Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, ikawa Kariakoo. Wapagazi wale walikuwa Waafrika waliotembea mamia ya maili na mizigo ya vita isiyokuwa yao, wakafa kwa makumi ya elfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Basi jina lenyewe la mtaa ni jina la watu wa kwenda kwa miguu.

Baada ya vita mkoloni akaugawa mji mafungu matatu. Wazungu wakapewa upande wa bahari, Wahindi wakapewa katikati, Waafrika wakapewa Kariakoo na Ilala, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi uwatenge. Huku kwetu mitaa ilinyooshwa, nyumba za Kiswahili zikajengwa na baraza zake mbele, na mahitaji ya maisha yakawa karibu karibu: soko, msikiti, fundi cherehani, muuza kahawa. Mkoloni hakutazamia kwamba watu wanaokwenda kwa miguu huonana, na wakionana hupashana habari. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa ulioitwa New Street, ambao leo ni Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo hiyo hiyo, na habari zake zilitoka baraza hadi baraza kabla hazijafika mikoani. Mtaa unaotembeleka si jambo la anasa. Ni shule ya umoja.

Baada ya Uhuru tukajenga soko jipya, kazi ya msanifu majengo wetu Beda Amuli, lenye paa la miavuli ya zege, na Mwalimu Nyerere akalifungua mwezi Desemba mwaka 1975. Ikaja miaka ya dhiki. Kisha biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, Kariakoo ikaanza kuinuka. Nyumba za vyumba sita zikavunjwa moja baada ya nyingine, maghorofa yakasimama mahali pake. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kupita Mtaa wa Msimbazi hadi Gerezani, yakimwaga abiria mlangoni mwa soko. Moto uliunguza soko kuu usiku wa tarehe 10 Julai 2021, lakini hata moto haukuizima Kariakoo. Serikali ikatenga zaidi ya shilingi bilioni 28 kulijenga upya, na Februari 2025 ikazinduliwa biashara ya saa 24.

Sasa tutazame ni kitu gani kilicholeta neema hiyo. Wapo wanaosema ni maghorofa. Wapo wanaosema ni mali za Guangzhou na Dubai. Sisi twasema maghorofa yapo hata penye maduka yasiyo na wateja, na makontena hushushwa hata penye hasara. Mtaji wa Kariakoo ni miguu. Mnunuzi anashuka Gerezani, anauliza bei duka la kwanza, anauliza la pili, anafika la kumi, anarudi la tatu. Kwa mwendo wa dakika chache ameona mali ambazo kwingine angezitafuta siku nzima kwa nauli. Kwa sababu ya miguu hiyo mwenye fremu anakubali kulipa kilemba kikubwa, na machinga anaamka saa kumi alfajiri kuwahi nafasi ya meza yake. Wote wanakula kwa miguu ya mpita njia, kisha wote wanamnyima mahali pa kukanyaga!

Mwenye duka anatoa nje mafurushi na sanamu za nguo. Machinga anatandika turubai mbele ya mafurushi. Mwenye gari anaegesha mbele ya machinga. Bodaboda, bajaji na mikokoteni vinagombea nafasi iliyosalia, na mama mwenye mtoto mgongoni anaingia katikati ya magurudumu. Mfereji umefunikwa na meza, hivyo mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda. Gari la zimamoto likihitajika halina pa kupita. Kila mmoja anasema kipande alichochukua ni kidogo. Ni kweli ni kidogo, lakini njia nzima imekwisha.

Dawa iliyozoeleka ni kumfukuza mdogo kuliko wote. Mwaka 1983, kwa sheria ya Nguvu Kazi, watu walikamatwa mjini wakapelekwa mashamba, nao wakarudi. Oktoba 2021 meza na vibanda viliondolewa barabarani katika miji yetu, na mitaani meza zikarudi. Lile jengo kubwa la Machinga Complex kule Ilala kwa miaka mingi lilibaki na nafasi tupu. Je, watu hawa ni wakaidi? La. Machinga ni mvuvi, na mvuvi huenda kwenye samaki. Hakuna anayepanda ghorofa kutafuta leso au chaja ya simu. Huinunua kwa kuwa ameipita. Ukimpeleka machinga pasipo na wapita njia hukumpa nafasi, umemwondolea riziki kwa maneno ya adabu. Na usisahau kwamba mwaka 2018 Serikali iliwauzia wafanyabiashara wadogo vitambulisho kwa shilingi 20,000 kila kimoja. Mtu uliyepokea fedha yake huwezi kesho kumwambia kwamba humjui.

Wengine wanaona dawa ni kumwondoa mgeni. Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo za rejareja na za kutengeneza simu. Taifa lina haki ya kulinda riziki ya wanyonge wake, nasi hatuna ugomvi na haki hiyo. Lakini tusijidanganye. Mgeni akiondoka njia ya miguu haitapanuka hata kwa shibiri moja. Anayepandisha kodi ya pango, na dalali anayechukua chake katikati, mara nyingi ni raia wenzetu wenye kadi kama zetu. Unyonyaji hauna pasipoti.

Uko pia msiba ambao hatuna ruhusa ya kuusahau. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo na watu wamo ndani wakifanya biashara. Zaidi ya 80 walitolewa wakiwa hai, na zaidi ya 20 walikufa. Miaka kumi na moja nyuma, tarehe 29 Machi 2013, jengo lilianguka mtaa wa Indira Gandhi, likaua watu 36. Njia ikijaa na fremu zikiwa na bei ya dhahabu, mwenye jengo hutamani kuongeza juu na kuchimba chini. Katika siku za msiba watu walijipenyeza kwenye vifusi kwa mikono yao, bila kuulizana kabila wala chama. Umoja ule uliokoa watu. Twauliza kwa nini umoja huo usitumike kabla jengo halijaanguka.

Mwezi Mei 2023, na tena Juni 2024, wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kupinga namna walivyotozwa na kusumbuliwa juu ya kodi, na Serikali ilikuja kuwasikiliza. Hilo lilionyesha nguvu ya watu wanaosema kwa sauti moja. Lakini mpita njia hana duka la kufunga. Kuli hana mlango wa kufunga, na mama ntilie akizima moto ni watoto wake wanaolala na njaa. Hawa nani atawasemea, kama si chama?

Basi haya ndiyo tunayoyataka.

Kwanza, kila mtaa upimwe, na upana wa kupita watu wawili wanaopishana na mizigo yao uwekewe mstari wa rangi. Ndani ya mstari huo asiweke kitu mtu yeyote, awe tajiri au maskini. Sheria inayomwona machinga na isiyoyaona mafurushi ya mwenye duka si sheria, ni upendeleo.

Pili, mitaa ya katikati, kama Kongo, ifungwe kwa magari mchana. Mizigo iingie usiku. Ikiwa biashara ya saa 24 ni ya kweli, usiku ndio wakati wa malori, na makuli walipwe kwa kazi ya usiku kama inavyostahili. Pale gari lilipokuwa likiegeshwa machinga apate meza yenye kipimo na namba, na jina lake liandikwe, ili asiipangishe wala asinyang'anywe.

Tatu, ushuru unaokusanywa mtaani utangazwe kwa ubao hapo hapo mtaani: kiasi gani kimepokewa, na kiasi gani kimerudi katika mifereji, taa, vyoo na kuzoa taka. Mtu akiona fedha yake ikifanya kazi hulipa bila kufukuzwa.

Nne, jengo lolote linalochimbwa au kuongezwa libandikwe kibali chake mlangoni pasomeke na kila mtu, na wapangaji watolewe kwanza ndipo nyundo ianze. Mpangaji akiona ufa awe na mahali pa kupeleka habari bila kuogopa kupoteza fremu yake.

Hayo ni ya Jiji na Serikali. Lakini sisi wanachama tusikae tukinyoosha kidole. Wengi wetu ndio wenye maduka, ndio wenye meza, ndio wenye bodaboda. Kila tawi la Kariakoo na liitishe mkutano wa mtaa wake, wenye duka na machinga wakae benchi moja, wapime njia yao wenyewe kwa kamba. Na mwanachama aliyetoa mali yake njiani aiingize ndani yeye wa kwanza, kabla hajafungua kinywa kumshutumu jirani. Mwenye kadi asiyefanya hivyo anaidai haki ya umma kwa mdomo huku akiikalia kwa mafurushi yake.

Tuliuliza njia ile ni ya nani. Jibu letu ni kwamba haiuzwi wala haipangishwi, maana ni ya yule anayepita, na kila mmoja wetu, akishafunga duka lake au kukunja turubai lake jioni, ni mpita njia. Wapagazi waliotuachia jina la Kariakoo walitembea kwa amri ya watu wengine. Sisi tunatembea kwa hiari yetu, katika mji wetu. Hatuna budi kuachiana nafasi.

Uhuru na Umoja.