Usingizi Mzito Hautoshi Kulinda Koo la Mtoto

"Mpe usingizi mzito asicheze, koo lisichubuke." Kauli hii husikika sana mtoto akiwa mahututi, mpira wa kupumulia ukiwa kooni, na nusu yake ni kweli. Mtoto anayetapatapa husababisha mpira usugue zoloto. Sehemu yake ya chini ni gegedu la krikoidi, pete kamili isiyotanuka, kwa hiyo uvimbe wote huingia ndani. Njia ya hewa yenye upana wa milimita 4 ikivimba milimita 1 pande zote, robo tatu ya nafasi ya kupitisha hewa imepotea.

Nusu ya pili ya kauli ndiyo inayoniumiza. Watafiti wa Porto Alegre, Brazil, walionyesha mwaka 2013 kwamba kila siku 5 zaidi za mpira kooni ziliongeza kwa takriban nusu hatari ya njia ya hewa kusinyaa kwa kovu. Mtoto aliyezimwa kabisa hakohoi wala hajivutii pumzi vya kutosha, hivyo mpira hauwezi kutolewa. Watafiti hao waliona pia hatari ikipanda kwa 12% kwa kila dozi ya ziada ya dawa ya kutuliza kwa siku. Msiharakishe kuilaumu dawa: anayeongezewa dozi mara nyingi ni yule ambaye tayari anahangaika.

Basi wengine hujibu: "Mpunguzieni dawa, atatoka mapema kwenye mashine." Utafiti wa RESTORE, uliotoka 2015 ukihusisha watoto 2,449 katika vitengo 31 vya watoto mahututi nchini Marekani, haukuthibitisha hivyo. Wauguzi walipima usingizi kwa alama na kurekebisha dawa kwa utaratibu, lakini muda wa mashine haukupungua. Watoto walikuwa macho na watulivu siku nyingi zaidi, jambo ambalo mimi nalithamini mno, ila mlio mkali wa kuvuta pumzi baada ya kutolewa mpira uliwapata 7%, dhidi ya 4% ya wenzao wa huduma ya kawaida. Anayepunguza dawa hana budi kuulinda mpira: uwe umefungwa imara, na kichwa kishikwe kila mtoto anapogeuzwa.

Kuhusu dai kwamba mpira wenye puto la hewa linaloziba pembeni mwake haumfai mtoto mdogo, jibu ni fupi. Utafiti wa Ulaya wa 2009, kwa watoto 2,246 wa chini ya miaka 5, ulipata mlio huo kwa 4.4% ya wenye puto na 4.7% ya wasio nalo. Waliobadilishiwa mpira kwa kutotosha walikuwa 2.1% dhidi ya 30.8%, na kila kubadilisha ni kupita tena kwenye nyuzi za sauti. Hao walikuwa watoto wa upasuaji, mpira ukikaa saa chache tu, na shinikizo la puto halikuruhusiwa kuzidi sentimita 20 za maji. Kwa mtoto aliyekaa siku kumi kitandani na mpira kooni, puto linalojazwa kwa kukisia kwa vidole huweza kukata mtiririko wa damu kwenye utando wa koo. Geji iwepo kando ya kitanda, na shinikizo lipimwe kila zamu.