Mteja akisema "mashine haina nguvu", usikimbilie kumuuzia spea



Leo naongea kitu ambacho baadhi yenu hamtakipenda. Sisi tunaouza spea mtandaoni tunapoteza wateja kwa kuuza haraka mno. Mteja anaandika "kaka, mashine haina nguvu", hapohapo unamrushia picha ya kabureta na bei. Nasema hivi kwa sababu na mimi nilifanya.

Duka langu lipo Buigiri, barabara ya Dodoma–Morogoro. Ziwa huku hakuna. Nilianza na spea za pampu za petroli za wakulima wa zabibu upande wa Chinangali, ufundi nimejifunza kwa kufungua na kufunga tu. Baadaye wavuvi wa Bwawa la Mtera wakaanza kuniulizia spea za mashine za boti, zile injini za kupachika, nikaingia na huko.

Mvuvi mmoja akanitafuta WhatsApp. Mashine yake HP 15, ya kuchanganya oili na petroli. Akaniambia, "Mdogo wangu, boti ikiwa tupu inakwenda vizuri. Nikipakia nyavu na watu wanne, nikavuta resi, dakika chache tu inakosa pumzi."

Sikuuliza hata swali moja. "Hiyo kabureta, kaka." Akalipa 150,000. Mzigo nikaupeleka Dodoma mjini, ukapanda basi la Iringa linalopita Mtera.

Akafunga. Tatizo lilelile. Siku mbili hakuingia majini, na watu wake wanne nao walikaa bila kitu. Ndipo nikamwomba anirekodie video. Nilipoiangalia niliona aibu. Tangi lake la asili lilipasuka, akawa anatumia dumu la lita 20, mpira wa mafuta umepitishwa kwenye mfuniko na mfuniko umekazwa kabisa. Mbavu za dumu zimebonyea ndani, na ile pampu ya kuminya kwa mkono iliyo kwenye mpira imelala bapa.

Dumu lilikuwa halipati hewa, basi. Mashine ikienda taratibu inakunywa mafuta kidogo, kwa hiyo hewa kidogo inayopenya inatosha. Ukiipa mzigo na resi inavuta mafuta mengi, hewa haiingii kujaza nafasi, dumu linajibana na mafuta yanakatika. Alilegeza mfuniko, mashine ikarudi.

Kabureta niliipokea, hela nikarudisha, nauli ya kifurushi nikabeba mimi. Zile siku mbili sikuweza kumrudishia. Na hapo tumshukuru Mungu mashine haikumfia katikati ya bwawa upepo ukivuma.

Tangu siku hiyo sitaji bei kabla ya maswali haya:

1. Ukiweka mzigo, mlio unapanda au unashuka? Mashine ikipiga kelele juu lakini boti haiendi, angalia propela. Huenda mpira wa ndani yake unateleza, au mapanga yameliwa. Mlio ukishuka, tafuta kwenye mafuta, plagi, au mashine yenyewe.

2. Ikianza kuchoka, mwenzako akiminya ile pampu ya mkono inarudi? Ikirudi, mafuta hayafiki vizuri. Aangalie tundu la hewa la tangi, mpira uliopasuka, chujio lenye uchafu au maji.

3. Maji ya kupoozea yanatoka kwa nguvu? Yakitoka kwa kudondoka, azime. Huenda impela imekwisha au njia imeziba, na akiendelea ataua mashine.

4. Plagi zikoje, na oili umechanganyaje? Mashine ya silinda mbili plagi moja ikifa inaweza kuwaka na kunguruma, ila mzigo haibebi. Mashine nyingi za kuchanganya zinataka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, lakini afuate kitabu cha mashine yake.

Halafu omba video mashine ikiwa na mzigo. Usimwambie aiwashe nchi kavu, impela bila maji inaungua. Ikiwa kwenye pipa la maji, mikono mbali na propela.

Najua wengine mtasema, "Kazi yangu kuuza, kujua ugonjwa ni kazi ya fundi." Kweli, mimi si fundi wa boti. Yote manne yakiwa sawa namwambia apeleke kwa fundi apime mgandamizo wa silinda, simuuzii kitu. Lakini dukani mteja anakuja na spea mbovu mkononi, unaishika, unaiona. Mtandaoni unaona meseji tu. Usipouliza, unabahatisha kwa hela ya mtu mwingine.

Wengine mtasema maswali yanafukuza mteja. Mimi naona kinyume. Ningeuliza siku ile, ningemwambia alegeze mfuniko, angevua usiku uleule. Halafu tangi zuri lenye tundu la hewa angelinunua kwangu, maana kutembea na dumu la petroli lililolegezwa ndani ya boti ni kutembea na moto. Mimi nilikimbilia laki na nusu, nikaishia kuirudisha yote na nauli juu.

Hata kama huuzi spea za boti, hili linakuhusu. Anayetaka chaja mpya huenda simu yake ina uchafu tu kwenye tundu la kuchajia. Mwambie asafishe. Siku chaja ikifa kweli, atakukumbuka.

Wewe unauza nini? Swali gani unamuuliza mteja kabla hujamtajia bei? Andika hapa chini tujifunze.